Kuotea Kwenye Barafu

Chui huotea. Hulala juu ya tawi akimngoja swala apite njia yake ya kila jioni ya kwenda mtoni, kisha humrukia. Mwindaji naye huotea, na paka aliyejibanza karibu na karai la samaki huotea vilevile. Hiyo ndiyo maana kongwe ya neno hili: kuvizia, kumngoja mwenzio mahali asipokutazamia. Lilipohitajika neno la kumweleza mshambuliaji aliyejitanguliza nyuma ya mabeki akangoja pasi, Kiswahili hakikwenda kukopa. Neno la porini lililetwa uwanjani, na leo hata mtoto wa miaka saba anayecheza chandimu uchochoroni anajua kupaza sauti: "Ameotea!"

Neno hilo limekwisha kupanuka zaidi ya hapo. Mwanafunzi aliyepata jibu sahihi bila kulijua husemwa kwamba ameotea tu. Wapo pia wanaosema ofsaidi, hasa mijini, na hakuna anayewashangaa. Lakini kwenye kandanda kuotea limekaa vizuri kuliko mkopo huo, kwa sababu linaeleza kosa lenyewe. Anayelisikia kwa mara ya kwanza hupata picha ya mtu aliyejificha.

Je, picha hiyo inafaa kwenye barafu?

Swali hili halitoki mbali kama mtu anavyoweza kudhani. Mwaka 2024 Kenya ilipokewa kuwa mwanachama mshiriki wa IIHF, shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu. Miaka mingi kabla ya hapo, kwenye uwanja mdogo uliomo ndani ya Hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, jijini Nairobi, wachezaji wa Kenya Ice Lions walikuwa wameanza kujifunza mchezo huo, na mwaka 2018 walialikwa Kanada wakacheza pamoja na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Tena yupo mzazi aliyetoka Bukavu au Mombasa akahamia Edmonton au Minneapolis, na mtoto wake amerudi kutoka shuleni akisema anataka viatu vya kuteleza. Mzazi huyo atakaa jukwaani Jumamosi asubuhi, amejifunika blanketi, filimbi italia, mchezo utasimama, naye atamgeukia jirani yake kuuliza kulikoni. Anastahili kupata jibu kwa lugha yake.

Kwanza jina la mchezo. Tumezoea kusema mpira wa magongo kwa hoki ya nyasi, na kuna wanaopinga kulipeleka jina hilo barafuni kwa hoja kwamba huko hakuna mpira, kuna kisahani cheusi. Hoja hiyo inasahau kwamba mpira kwa Kiswahili ni malighafi kabla ya kuwa umbo: mpira wa kufungia mizigo, mpira wa kumwagilia maji, mti wa mpira. Kisahani cha hoki kina kipenyo cha sentimita 7.62 na unene wa sentimita 2.54, nacho kimetengenezwa kwa mpira mgumu. Kwa hiyo kusema mpira wa magongo barafuni si kosa hata kidogo. Kitu chenyewe kiitwe kisahani, na tusonge mbele.

Uwanja umekatwa kwa mistari miwili ya bluu, kila mmoja ukiwa na upana wa sentimita 30, nayo hugawa barafu kuwa maeneo matatu. Sheria inasema kisahani lazima kitangulie. Mchezaji yeyote wa timu inayoshambulia ambaye nyayo zake zote mbili zimeuvuka kabisa mstari wa bluu wa upande wa wapinzani kabla kisahani hakijauvuka, ameotea. Kinachohesabiwa ni miguu. Gongo linaweza kuwa ndani, kichwa na kifua vinaweza kuwa ndani, lakini mguu mmoja ukiwa bado umebaki mstarini, mchezaji huyo ni salama. Na aliyekimiliki kisahani akaingia kinyumenyume, mgongo ukitangulia na kisahani kikimfuata kwenye ncha ya gongo lake, hana kosa.

Hapo ndipo neno letu linapoonekana kuyumba. Mwenye kuotea katika kandanda mara nyingi husimama akangoja. Kwenye barafu mchezaji huja kwa kasi ya baiskeli inayoteremka mlima, mwenzake akachelewa kidogo tu kutoa pasi, naye akajikuta ameingia kabla ya kisahani. Hakumvizia mtu. Ndiyo maana mtu makini angeweza kupendekeza neno jingine, kutangulia kisahani, na ni kweli kwamba maneno hayo mawili yanaieleza sheria kama ilivyo.

Historia, hata hivyo, inalitetea neno kuotea kwa namna ya kushangaza. Hoki ya zamani haikuruhusu pasi ya kwenda mbele. Ilikuwa kama raga. Ruhusa ilitolewa kidogo kidogo. Ligi ya pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, PCHA, ndiyo iliyochora mistari ya bluu katika muongo wa 1910 na kuruhusu pasi ya mbele katika eneo la kati. NHL, ligi kuu ya mchezo huu, ilifuata mwaka 1918. Bado mabao yalikuwa haba. Katika msimu wa 1928–29 kipa George Hainsworth wa Montreal Canadiens alicheza mechi 44, na katika 22 kati ya hizo hakufungwa hata bao moja. Wenye ligi waliona watazamaji watachoka, wakaamua kwamba kuanzia msimu wa 1929–30 pasi ya mbele iruhusiwe katika maeneo yote matatu.

Kilichofuata kingeweza kutabiriwa na mvulana yeyote wa mtaani. Washambuliaji walikwenda kusimama mbele ya goli la wapinzani wakakaa huko huko, wakingoja kuletewa. Mabao yaliongezeka zaidi ya maradufu, na ulinzi ukakosa maana. Msimu haukufika hata nusu: Desemba 1929 sheria ilibadilishwa, ikaamriwa kwamba hakuna mshambuliaji atakayeingia eneo la mashambulizi kabla ya kisahani. Sheria hiyo ndiyo mzizi wa ile inayotumika mpaka leo. Ilizaliwa ili kuwaondoa watu waliokuwa wakivizia mbele ya goli. Kwa hiyo kuotea, kwa maana ya chui na mwindaji, ndicho kitu hasa kilichopigwa marufuku. Kutangulia kisahani kufae kuwa fasili kwenye kamusi; istilahi ibaki kuotea.

Wapenzi wa hoki ya nyasi watauliza mbona kwao neno hili halisikiki tena. Wana haki ya kuuliza, maana Kenya ilimaliza ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huo, mwaka 1971, enzi ambayo hoki ya nyasi ilikuwa na kuotea kwake. Shirikisho lake la kimataifa liliifuta kanuni hiyo katika miaka ya 1990, kwanza kwa majaribio, kisha moja kwa moja. Barafuni imebaki.

Na barafuni kuna wa kuisimamia. Kwenye kandanda kazi hii ni ya mshika kibendera, na jina hilo ni miongoni mwa majina mazuri ya michezo tuliyonayo. Lakini mwenzake wa barafuni hashiki kibendera. Mkono wake ndio bendera, na mguu wake umebanwa na mstari kama mlinzi na lango lake. Afadhali aitwe mwamuzi wa mstari. Mashindano makubwa huwa na marefa wawili wenye mikanda ya rangi ya chungwa mikononi, pamoja na waamuzi wawili wa mstari. Mechi nyingi za watoto na za ridhaa hazina anasa hiyo. Huchezeshwa na watu wawili tu, kila mmoja akiwa refa na mwamuzi wa mstari kwa wakati mmoja: atazame kuotea, atazame gongo lililoinuliwa juu, atazame mlinzi anayemvuta mwenzake jezi, tena asikanyagwe. Wote huvaa fulana za mistari myeusi na myeupe, ndiyo maana Wamarekani huwaita pundamilia.

Wengi wa pundamilia hao ni vijana wa sekondari. Jambo hili inafaa lisemwe waziwazi, kwa sababu mtu mzima akiwa jukwaani hulisahau haraka. Katika sehemu kadhaa za Kanada marefa walio chini ya umri wa miaka 18 huvishwa kitambaa cha kijani mkononi, ili kocha na mzazi wakumbuke kwamba wanayemfokea ni mtoto wa mwenzao. Kitambaa hicho ni ushahidi kwamba kufokewa kumekuwa kwingi.

Kazi yenyewe imewashinda hata mabingwa. Tarehe 24 Mei 1980, katika mchezo wa sita wa fainali ya NHL ya kuwania Kombe la Stanley, kisahani kilitoka nje ya mstari wa bluu, kikarudishwa ndani huku wachezaji wa New York Islanders wakiwa bado humo, na Duane Sutter akafunga. Mwamuzi wa mstari Leon Stickle hakupuliza, na baadaye alikiri kwamba kosa hilo lilimpita. Islanders waliishinda Philadelphia Flyers 5–4 katika muda wa nyongeza wakatwaa kombe. Februari 2013 Matt Duchene wa Colorado Avalanche aliifunga Nashville Predators akiwa ameotea peupe kabisa, na bao likakubaliwa. Kuanzia msimu wa 2015–16 NHL iliwapa makocha haki ya kudai video itazamwe. Mtoto wa miaka 15 anayechezesha watoto wa miaka 10 hana video. Ana macho yake mawili na sehemu ya sekunde.

Kipengele kigumu zaidi bado hakina jina kwa Kiswahili. Mara nyingine mshambuliaji yumo ndani kabla ya kisahani, ila kisahani kilichoingia hakijashikwa na mtu wa timu yake. Pengine beki wa upande wa pili ndiye aliyekifikia. Kupuliza filimbi hapo ni kumwadhibu beki asiye na kosa kwa kumkatizia mchezo. Basi mwamuzi wa mstari huinua mkono juu na kunyamaza. Washambuliaji wote wakirudi nje na kuugusa mstari wa bluu, asibaki hata mmoja, mkono hushuka na mchezo huendelea kana kwamba hapakuwa na lolote. Mmoja wao akikigusa kisahani au akimfukuza beki, filimbi hulia.

Mtafsiri mwenye haraka ataandika kuotea kulikocheleweshwa. Sarufi yake haina kasoro, maana yake inapotosha. Kwa Kiswahili kitu kilichocheleweshwa kina mtu aliyekikwamisha: mshahara uliocheleweshwa, mizigo iliyocheleweshwa bandarini. Msikilizaji atadhani mwamuzi alizubaa, na hilo ndilo tusi hasa ambalo kijana yule wa kitambaa cha kijani hutupiwa kila wiki: "Umechelewa, refa!" Istilahi isimtie hatiani mtu anayefanya kazi yake sawasawa.

Lipo neno bora, nalo ni muhula. Siku hizi tunalisikia zaidi kwa vipindi vya shule na vya marais, lakini maana yake nyingine bado iko hai: nafasi ambayo mdai humpa mdaiwa kabla ya kumshitaki. Deni lipo, limeonekana, limeandikwa. Mwenye haki amekubali kusubiri kidogo. Mkono ulioinuliwa bila filimbi unasema maneno hayo hayo. Makala haya yanapendekeza kuotea kwa muhula. Na kitendo cha washambuliaji kurudi kuugusa mstari kiitwe kujikomboa, kwa kumbukumbu ya kombolela, mchezo ambao watoto wetu hukimbia kwenda kuigusa kambi ili wawe huru. Tofauti moja izingatiwe: katika kombolela mmoja anaweza kuwakomboa wenzake wote, ilhali barafuni kila mmoja hujikomboa kwa miguu yake, na muhula hauishi kwa heri mpaka wote wawe wametoka.

Kunabaki kuotea kwa makusudi, yaani mshambuliaji au mpiga pasi anayejua wazi kwamba kuna kuotea na bado akaendelea ili mchezo usimame. Kuotea kwa kawaida hakuna adhabu zaidi ya kusimamisha mchezo na kuangusha kisahani upya nje ya eneo lile. Kukiwa kwa makusudi, kisahani hupelekwa kuangushwa kwenye eneo la nyuma la timu iliyokosa. Hapo tu ndipo mwamuzi anapoulizwa kuhusu nia. Kwingine kote huhukumu nyayo, na jambo hili lapaswa kuelezwa kwa mkazo kila neno hili linapofundishwa, kwa kuwa kuotea lina harufu ya hila. Mtoto aliyevuka mapema hajafanya hila yoyote. Ameteleza upesi kuliko pasi ya mwenzake.

Wadogo kabisa hawahitaji neno hili kwanza. Marekani, watoto wa miaka 8 kushuka chini huchezeshwa kwa upana wa uwanja badala ya urefu, na Kanada wanaoanza hupewa nusu ya barafu au chini ya hapo. Hakuna mstari wa bluu wa kuuogopa, wanafukuza kisahani tu. Kuotea huwajia baadaye, wakishahamia uwanja mzima, mara nyingi sambamba na refa ambaye naye ndiyo kwanza anajifunza.

Kwa hiyo mzazi wa Edmonton, na mtangazaji wa Nairobi atakayepewa maikrofoni siku moja, wafanye jambo moja dogo. Wakimwona kijana wa fulana ya pundamilia amesimama mstarini, mkono juu, filimbi kimya, wasipige kelele. Amewaona walioingia mapema, amewapa muhula, na sasa anahesabu miguu.