Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo (Kenya)

Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo ni jengo la maonyesho ya tamthilia, muziki na ngoma jijini Nairobi, Kenya. Uko kando ya Barabara ya Harry Thuku, karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi, mkabala na Hoteli ya Norfolk. Ni sehemu ya Kituo cha Utamaduni cha Kenya, taasisi ya serikali iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1951.

Historia

Ukumbi ulifunguliwa mwaka 1952, mwaka uleule ambao serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari dhidi ya Mau Mau. Mwanzoni ulitumiwa hasa na Wazungu, na michezo mingi ilitoka Uingereza. Hata baada ya uhuru wa 1963, wageni waliendelea kuwa na sauti kubwa katika uendeshaji wake. Mwaka 1968 Seth Adagala alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa wa mkurugenzi.

Mgogoro wa 1976

Mwaka 1976 Kenya ilikuwa ikijiandaa kwa FESTAC, tamasha kubwa la sanaa za watu weusi lililofanyika Lagos, Nigeria, mwaka 1977. Tamthilia mbili zilichaguliwa: *The Trial of Dedan Kimathi* ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, iliyotafsiriwa baadaye kwa Kiswahili kama *Mzalendo Kimathi*, na *Betrayal in the City* ya Francis Imbuga. Waandalizi walipoomba ukumbi, walipewa siku chache tu mnamo Oktoba, kwa kuwa tarehe nyingine zilikuwa zimetengewa maonyesho ya vikundi vya Kizungu. Jambo hilo lilizua mjadala magazetini: je, ukumbi wa taifa ni wa nani?

Watu walijaa kutazama michezo hiyo. Ngũgĩ ameeleza katika maandishi yake kwamba usiku wa kwanza wa tamthilia ya Kimathi, watazamaji waliungana na waigizaji katika wimbo wa mwisho, wakatoka nje ya jengo wakicheza.

Mwaka 1982 kikundi cha Kamĩrĩĩthũ kutoka Limuru kilitaka kuonyesha hapo *Maitũ Njugĩra*, mchezo wa Ngũgĩ wenye nyimbo za lugha kadhaa za Kenya. Serikali haikutoa kibali na wasanii walikuta milango imefungwa. Mwaka huohuo jukwaa lao la kijijini lilibomolewa.

Ukarabati

Baada ya miaka mingi ya uchakavu, ukumbi ulikarabatiwa kwa ufadhili wa kampuni ya East African Breweries na kufunguliwa upya mwaka 2015 na Rais Uhuru Kenyatta. Siku hizi huonyesha tamthilia za Kiswahili, Kiingereza na lugha nyingine za Kenya, zikiwemo tamthilia zinazosomwa shuleni, pamoja na muziki na ngoma.