Foleni Huanzia Nyumbani

Ukizuka ubishi kijiweni pale Shinyanga mjini, hospitali ipi ina foleni fupi, ya serikali au ya binafsi, jibu huja upesi: ya binafsi, kaka! Unalipa, unapimwa, huyoo unaondoka. Ya serikali unawahi alfajiri, dokta unamwona jua la utosi. Silipingi hilo. Mabenchi hayo nayajua. Ila nikiitazama historia yetu, naona tunahesabu nusu tu ya safari.

Tuanze nyuma. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, tiba ilitangazwa kuwa haki, si bidhaa. Mwaka 1977 sheria ikapiga marufuku hospitali za watu binafsi za kutafuta faida. Za makanisa zikaachwa, kama Kolandoto hapa kwetu na Sengerema kwa majirani wa Mwanza. Matibabu ya serikali yalikuwa bure. Kwa maandishi basi, tajiri na kabwela walikaa benchi moja.

Kisha hali ikawa ngumu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta, uchumi kuyumba, dawa zikaadimika. Mtu anasubiri kutwa, akifika dirishani anaambiwa, "Dawa hakuna." Foleni ya bure, mwisho wake patupu.

Ndipo enzi ya ruksa. Mwaka 1991 sheria ikarekebishwa na madaktari wakaruhusiwa kufungua hospitali zao. Mwaka 1993 uchangiaji nao ukaanza katika hospitali za serikali. Miaka hiyohiyo wachimbaji wadogo walifurika Geita, ambayo ilikuwa bado wilaya ya Mwanza. Imekuwa mkoa mwaka 2012. Kwa mchimbaji, kukaa benchi ni kupoteza siku ya duarani. Akikimbilia duka la dawa baridi hakuti foleni, kweli, lakini hakuti daktari wala darubini.

Bibi yangu, mkulima wa pamba, alinihadithia ya mama mdogo. Miaka hiyo ya 1990, mama mdogo akiwa mtoto, sikio lilimuuma likatoa usaha. Hospitali ya serikali ilikuwa mbali, na habari za dawa kukosekana zilishawakatisha tamaa. Wakaamua ya binafsi. Hela hamna, pamba imeuzwa, malipo bado. Wakangoja.

Nikamuuliza, "Bibi, mlisubiri muda gani?"

Akacheka. "Pale hospitali? Hata nusu saa haikufika. Nyumbani, mjukuu wangu, siku tisa."

Hadi leo mama mdogo ukitaka akusikie, unakaa kuliani kwake.

Sasa niambieni, foleni ile ilikuwa fupi? Daftari la hospitali lingeandika nusu saa. Siku tisa haziko popote.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walipochunguza vifo vya wazazi, waligawa ucheleweshaji mara tatu: kuamua kutafuta tiba, kufika kituoni, na kuhudumiwa baada ya kufika. Ubishi wetu wa kijiweni unapima huo wa tatu peke yake. Hospitali ya kulipia huufupisha, lakini kwa asiye nacho huurefusha ule wa kwanza. Ya bure isiyo na dawa nayo huurefusha uleule, kwani watu huchoka kwenda.

Wenye mamlaka hawakulala. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianzia Igunga, jirani zetu, katikati ya miaka ya 1990. Bima ya watumishi wa umma ikaanza 2001, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ikapitishwa 2023. Nia ni moja: mtu alipe akiwa mzima, asije akangojea pesa akiwa mgonjwa. Hapo naunga mkono. Ila kadi bila dawa dirishani itaturudisha kulekule.

Kwa hiyo ndugu zangu wa kijiweni, tubishane, lakini saa tuianzishe siku sikio lilipoanza kuuma.