Kumtoa Mpangaji Asiyelipa: Kwa Nini Sheria Ilimnyang'anya Mwenye Nyumba Nyundo



Watu wetu wengi waliotua Buffalo, Columbus na Louisville, wakiwa Wakongo, Warundi, Wasomali, Watanzania au Wakenya, hawakuja na mtaji. Lakini baada ya miaka ya kubeba maboksi, kuendesha malori na kuwahudumia wazee wa watu, baadhi wamenunua nyumba. Mtu anakaa chini na familia, juu anapangisha. Sasa mpangaji wa juu akikaa miezi miwili bila kulipa, benki haina habari hiyo, wala jiji halisamehe kodi ya majengo. Na jawabu la kwanza linalomjia mwenye nyumba kichwani ni lile la nyumbani: badilisha kitasa, kata umeme, ng'oa mlango, au kama ni Nairobi, ezua mabati.

Nataka tuliangalie jambo hili kwa jicho la historia. Hoja yangu ni moja. Sheria ya huku haikutungwa ili kumkomoa mwenye nyumba. Ni makubaliano ya kale kati yake na dola: wewe weka nyundo chini, sisi tutakupa mahakama ya haraka. Anayeyajua makubaliano hayo hurudishiwa nyumba yake. Asiyeyajua hupoteza kodi, muda, na pengine huishia yeye ndiye mshitakiwa.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1381, zama za mfalme Richard II, Uingereza ilitunga sheria iliyokataza mtu kuingia kwa nguvu katika ardhi au nyumba, hata kama haki ni yake. Mwaka 1429, chini ya Henry VI, ikaongezwa nguvu. Angalieni vizuri: sheria haikuuliza kwanza nani mwenye mali. Iliuliza nani amevunja amani. Mwenye haki aliambiwa aende kwa hakimu kama mwingine yeyote. Wazo hilo likavuka bahari na walowezi, na ndilo mzizi wa kesi za kumtoa mpangaji huku Marekani mpaka leo.

Tatizo likawa kwamba njia halali ya zamani ilikuwa ndefu mno. Kesi ya kudai ardhi iliweza kwenda misimu kadhaa, mpangaji yumo ndani na kodi hakuna. Ndipo mwaka 1820 jimbo la New York lilipounda kesi ya mkato, inayoangalia maswali machache tu: kuna mkataba? Kodi inadaiwa? Notisi ilitolewa? Majimbo mengine yalikuwa na njia zao za kufanana na hiyo. Kwa hiyo huo mwendo wa haraka tunaouona mahakamani haukuwa zawadi kwa mpangaji. Alipewa mwenye nyumba, kama fidia ya nyundo aliyonyang'anywa.

Silaha yake ya pili ilikuwa kukamata vyombo vya mpangaji mpaka deni lilipwe. Hiyo nayo ilikufa New York mwaka 1846, na haikufa kwa hiari. Tangu 1839, alipofariki kabaila Stephen Van Rensselaer III na warithi wake wakaanza kudai malimbikizo, wakulima wapangaji wa mashamba karibu na Albany waligoma, wakajifunika nyuso na kuwafukuza maofisa waliokuja na hati. Wanaoijua historia ya Zanzibar watakumbuka Ng'ambo, 1928, pale waliokodi viwanja walipogoma kulipa kodi ya ardhi na serikali ya Mwingereza ikalazimika kuingilia kati. Nchi mbili tofauti, karne mbili tofauti, funzo moja: kodi ikidaiwa kwa mkono, hujibiwa kwa mkono. Uingereza yenyewe iliifuta haki ya kukamata vyombo kwa ajili ya kodi mwaka 2014, ilhali Kenya iliirithi kutoka kwa huyo huyo Mwingereza na kuiweka kwenye vitabu vyake.

Sasa turudi kwenye miji yetu mitatu. "Mashariki" si neno moja kote. Buffalo, mashariki ya Main Street ndiko walikokaa Wapoli na Wajerumani, halafu Wamarekani weusi waliobanwa huko na mabenki yaliyokataa kuwakopesha kwingine. Katika miaka ya 1960 barabara kuu ya Kensington ikaipasua Humboldt Parkway katikati. Jiji lilikuwa na watu 580,132 mwaka 1950, na kufikia 2010 walibaki 261,310. Nyumba zikanunuliwa kwenye minada ya jiji kwa bei ya gari kuukuu. Ndipo wageni wakaingia, Wabangladesh kwa wingi, na watu wetu pia, na sensa ya 2020 ikahesabu 278,349, ongezeko la kwanza tangu 1950. Columbus nayo, mtaa wa Hanford Village uliojengwa 1946 kwa askari weusi waliorudi vitani ulikatwa vipande na barabara kuu. Louisville ni kinyume: huko mashariki ni kwa wenye nacho na ufukara umesukumwa magharibi. Ndiyo jiji lililojaribu kutenga mitaa kwa rangi, mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ikaibatilisha sheria hiyo mwaka 1917 katika kesi ya Buchanan na Warley. Naeleza haya ili ieleweke kwamba nyumba ya bei nafuu unayopangisha ina historia, na mara nyingi mpangaji wako, na wewe mwenyewe, mmo ndani ya historia hiyo hiyo.

Miaka ya 1970 mizani iliguswa tena. Mwaka 1972 wapangaji wa Portland, Oregon, waliipeleka kesi ya mkato mbele ya Mahakama Kuu wakidai inawaonea. Katika Lindsey na Normet, majaji waliikubali kasi yake, wakisema ndiyo iliyowekwa mahali pa mkono wa mwenye nyumba, lakini wakafuta sharti la dhamana maradufu kwa mpangaji anayetaka kukata rufaa. Wakati huo huo majimbo yalianza kumbana mwenye nyumba kwa upande wa matengenezo: Ohio na Kentucky 1974, New York 1975. Ya Kentucky ilibatilishwa na mahakama ya juu ya jimbo, ikatungwa upya 1984 kwa namna ambayo kila mji unachagua kuikubali au la. Louisville iliikubali. Tangu hapo mwenye nyumba anayedai kodi anaweza kuulizwa: na boila ilikuwa inafanya kazi?

Hivi leo saa zinasomeka hivi.

Buffalo (jimbo la New York): sheria ya Juni 2019 ilibadilisha karibu kila kitu. Kodi ikichelewa siku tano, mpelekee taarifa ya maandishi kwa barua ya posta yenye uthibitisho (certified mail). Kisha toa dai la maandishi la siku 14: lipa au ondoka. Zamani zilikuwa siku tatu, na hata kusema kwa mdomo kulitosha. Dai liwe la kodi tupu. Usichanganye faini, maji wala gharama za wakili. Faini ya kuchelewa yenyewe haizidi dola 50 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo ndogo. Hati za kesi zimfikie mpangaji kati ya siku 10 na 17 kabla ya tarehe ya mahakama, na asizipeleke mwenye kesi mwenyewe. Mpangaji anaweza kuomba kesi iahirishwe siku 14. Ukishinda, ofisa wa mahakama, yule ambaye kwetu Bongo tungemwita dalali wa mahakama, anampa notisi ya siku 14 nyingine. Na akilipa deni lote kabla ya amri kutekelezwa, kwa kawaida amri inakufa.

Columbus (Ohio): notisi ni siku tatu tu, siku ya kuipeleka haihesabiwi, wala mwisho wa juma na sikukuu. Lazima iwe na maneno yaliyoandikwa ndani ya sheria yenyewe, ya kumwambia mpangaji kwamba anatakiwa kuondoka na kwamba anashauriwa kutafuta msaada wa kisheria. Usiyatunge kichwani, yanakili. Hapa wengi huteleza: kwa sheria ya jimbo notisi hiyo ni ya kuondoka, si ya kulipa, na ukipokea kodi ya mbele baada ya kuitoa, mahakama yaweza kusema umeifuta mwenyewe. Samansi imfikie angalau siku saba kabla ya kesi. Ukishinda, ofisa wa mahakama ya Franklin hubandika karatasi nyekundu mlangoni. Kuna nafuu moja ambayo wenye nyumba wadogo wachache wanaijua: mwenye nyumba za kupangisha zisizozidi tatu, akilisema hilo kwa maandishi kwenye mkataba, hafungwi na ule utaratibu wa mpangaji kuweka kodi kwa karani wa mahakama kwa sababu ya matengenezo. Wajibu wa kutengeneza unabaki pale pale.

Louisville (Kentucky): notisi ya maandishi ya siku saba, na akilipa ndani ya siku hizo, mambo yamekwisha. Asipolipa, unafungua kesi mahakama ya wilaya, naye anaarifiwa angalau siku tatu kabla. Ukishinda, unasubiri siku saba za rufaa, kisha sherifu ndiye anayekuja, si wewe na vijana wako.

Na mwenye papara je? New York, kumfungia mtu nje tangu 2019 ni kosa la jinai, na juu yake kuna faini ya dola 1,000 hadi 10,000. Kentucky, mpangaji anaweza kudai mpaka kodi ya miezi mitatu na gharama za wakili. Ohio, sheria inakataza waziwazi kukata umeme au maji, kubadilisha kitasa na hata kutishia kufanya hivyo. Na jamani, hili la Buffalo liingie masikioni: ulinzi huo hauhitaji mkataba. Binamu uliyemkaribisha akikaa siku 30 mfululizo, hutoki naye ila kwa mahakama. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. New York inasema ukimpa siku thelathini, jembe hulishiki tena wewe.

Kosa jingine ni la wasomi, si la wasiosoma. Mtu anashauriwa aiweke nyumba kwenye LLC ili kujikinga na madeni. Ushauri una maana, lakini kampuni haiwezi kusimama mahakamani kwa mdomo wa mwenyewe, inahitaji wakili. Mahakama ya juu ya Ohio, katika kesi ya Picklo mwaka 2002, ilikataa hata meneja wa nyumba asiye wakili kufungua kesi kwa niaba ya mwenye nyumba. Ukijisimamia kwa jina lako unaruhusiwa. Kwa jina la kampuni, kesi hutupwa na saa inaanza upya.

Kisha likaja gonjwa la korona. Amri ya serikali kuu iliwalinda wapangaji waliokidhi masharti tangu Septemba 2020 hadi Mahakama Kuu ilipoifuta tarehe 26 Agosti 2021. New York iliendelea na yake mpaka Januari 15, 2022. Wenye nyumba wadogo waliumia, hilo nalikubali bila kigugumizi. Mwenye nyumba 500 alikuwa na mawakili na akiba, lakini mwenye nyumba moja alikuwa na kadi ya mkopo. Lakini ni wakati huo huo tuliona pia fedha za misaada ya kodi zikitolewa, na aliyekuwa na mkataba ulioandikwa, risiti na daftari la malipo alizipata kwa wepesi kuliko yule wa makubaliano ya mdomo baada ya swala.

Hapo ndipo penye kidonda chetu. Mpangaji wetu mara nyingi ni mtu wa kwetu. Tunaona haya kumwandikia notisi shemeji, tunavumilia miezi sita, halafu hasira zinapasuka usiku mmoja na virago viko barabarani. Uvumilivu wa miezi sita unaoishia kwa nyundo si wema hata kidogo. Notisi iliyoandikwa mapema kwa adabu inamwachia mwenzako nafasi ya kutafuta msaada, ya kulipa au ya kuhama kwa heshima. Hata kumsamehe sehemu ya deni na kumpa nauli ya kuhamia, kwa makubaliano yaliyosainiwa na funguo kukabidhiwa mkononi, mara nyingi ni nafuu kuliko kesi. Na msisahau kwamba kesi huacha alama kwa mpangaji. New York imekataza kumnyima mtu nyumba kwa sababu aliwahi kushitakiwa, lakini Ohio na Kentucky jalada linaweza kumfuata yeye na watoto wake kila mlango anaobisha.

Kanuni hubadilika, na kila jiji lina ya kwake juu ya usajili na ukaguzi wa nyumba za kupangisha, kwa hiyo kabla ya kuandika notisi pitia kwa karani wa mahakama au wakili. Bali shina halijabadilika tangu 1381: haki ya nyumba ni yako, mkono wa kumtoa mtu si wako.