Pedi ya dramu za umeme: ugomvi wa Düsseldorf uliosahaulika

Dramu za Simmons SDS-V, zile za pembe sita zilizojaa kwenye video za muziki wa Uingereza miaka ya 1980, zinatimiza miaka 45 mwaka 2026. Ni umri wa kusherehekewa, na wapenzi wa vyombo vya zamani hawatakosa la kusema. Shida yangu ni kwamba kila pembe sita zinapotajwa kuwa ndiyo asili ya dramu za umeme, kuna Mjerumani mmoja anasukumwa pembeni, yeye na ubao wake wa sahani za chuma na nyaya. Bila kuutazama ubao ule ni vigumu kuelewa jambo ambalo mpiga dramu wa leo hulifanya kama mchezo: kununua pedi moja zaidi, kuichomeka kwenye moduli ya sauti na kuendelea kupiga.

Waliotangulia wapo. Mwaka 1971 Graeme Edge, mpiga dramu wa The Moody Blues, alitengenezewa dramu za kielektroniki na Brian Groves wa Chuo Kikuu cha Sussex, zikasikika katika kibao "Procession". Miaka mitano baadaye Joe Pollard na Mark Barton wakatoa Syndrum huko Marekani, na mlio wake wa kushuka ukaenea katika disko. Hao tuwaache hapo.

Mjerumani wangu, Wolfgang Flür, alijiunga na bendi ya Kraftwerk mwaka 1973. Alikuta Ralf Hütter na Florian Schneider wana studio yao mjini Düsseldorf, waliyoiita Kling Klang, na hawakuwa na hamu ya kelele za dramu za ngozi. Ndani ya studio kulikuwa na kisanduku cha midundo, kimoja cha vile vilivyotengenezwa kwa ajili ya wapiga vinanda vya umeme: unabonyeza kitufe, kinakupigia rumba au foksitroti huku mikono yako ikishughulika na kinanda. Enzi hizo visanduku hivyo vilikuwa vingi, na mmoja wa waliovieneza alikuwa Ikutaro Kakehashi wa Osaka, ambaye jina lake litarudi mbele kidogo.

Makala haya yanaegemea sana simulizi ya Flür mwenyewe, aliyoichapisha mwaka 1999 katika kitabu cha kumbukumbu zake, "Ich war ein Roboter". Kwa maelezo yake, vile vitufe vilimchosha. Kila sauti ilikuwa na njia yake ndani ya kisanduku, ya besi kwake na ya toazi kwake, hivyo hakukuwa na sababu ya kuachia mashine ichague mpangilio. Sauti zikatolewa nje kwa nyaya hadi kwenye sahani za chuma zilizopangwa juu ya ubao, na badala ya vijiti vya mbao mpigaji akashika fimbo nyembamba za chuma, nazo zikiwa na nyaya zake. Fimbo ikigusa sahani, umeme unakamilisha mzunguko na sauti inatoka. Watazamaji wa televisheni ya ZDF waliona mtambo huo mwaka huohuo wa 1973 katika kipindi cha "Aspekte": kijana nadhifu amesimama nyuma ya ubao, anagusagusa kama mtu anayejaribu kama pasi imepata moto.

Kasoro yake ilikuwa wazi. Ugonge kwa hasira au uguse kwa upole, sauti ni ileile, maana mzunguko wa umeme haujui nguvu ya mkono. Lakini kanuni ilikuwa imezaliwa: sehemu inayopigwa iko huku, sauti iko kule, katikati kuna waya. Ukitaka sehemu nyingine ya kupiga, ongeza waya mwingine. Mwaka 1975, kabla ya ziara ya Marekani iliyofuata mafanikio ya albamu "Autobahn", Karl Bartos aliingia kundini na ubao ukawa wa pili. Mwaka huohuo kipindi cha BBC "Tomorrow's World" kiliwaonyesha Waingereza wapiga dramu wawili bila dramu hata moja.

Hapo ndipo uhasama ulipopata mbegu. Mwaka 1978 Marekani ilitoa hataza ya chombo cha midundo cha kielektroniki cha aina hiyo, na majina yaliyoandikwa kama wavumbuzi yalikuwa mawili, la Hütter na la Schneider. La Flür halikuwepo. Flür aliendelea kupiga, albamu zikatoka, wanne wakapigwa picha wamevaa mashati mekundu na tai nyeusi kwenye jalada la "The Man-Machine", na katika miaka ya 1980 akaondoka. Kitabu chake kilipotoka akajitaja kuwa mtu wa pedi zile, na wakuu wake wa zamani hawakukaa kimya. Hütter na Schneider walikwenda mahakamani kupinga baadhi ya yaliyoandikwa, na kitabu kilirudi madukani kikiwa kimefanyiwa marekebisho.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: studio ilikuwa ya Hütter na Schneider, fedha zilikuwa zao, na Schneider hakuwa mgeni wa vifaa vya umeme. Hata Flür hakumtoa Schneider kabisa katika simulizi yake. Tena hataza ni karatasi ya kisheria yenye uzito. Hata hivyo, karatasi hiyo inatwambia ni nani aliyepeleka maombi ofisini, wala haituonyeshi ni nani aliyekesha usiku kucha na chuma cha kulehemu mkononi. Kwa mtazamo wa mwandishi huyu, mtu aliyesimama nyuma ya ubao kuanzia siku ya kwanza alistahili walau jina la tatu. Schneider alifariki Aprili 2020, hivyo upande mmoja wa ushahidi umefungwa. Mwaka uliofuata Jumba la Heshima la Rock and Roll nchini Marekani liliwatunuku Kraftwerk, na orodha ilikuwa na majina manne, Flür na Bartos wakiwemo. Hiyo ilikuwa heshima ya bendi, kwani suala la pedi halikuguswa.

Turudi kwa Simmons, ambao sifa yao ni ya kweli. Dave Simmons alikuwa na kampuni yake St Albans, kaskazini mwa London, na SDS-V ya 1981 aliitengeneza akishirikiana na Richard James Burgess wa bendi ya Landscape. Sahani zilikuwa za plastiki ngumu ya polikaboneti, jamii ya ile ya ngao za polisi wa kutuliza ghasia, na wapiga dramu wengi walilipia kwa maumivu ya viganja hadi mpira ulipoanza kutumika. Pedi hizi zilisikia nguvu ya mkono. Jambo ninalolipenda zaidi, na ambalo picha za pembe sita hazilionyeshi, liko kwenye sanduku la sauti: lilikuwa na nafasi saba za kupachika moduli, wakati seti ya kawaida ilijaza tano tu, yaani besi, snea na tomu tatu. Mbili ziliachwa wazi kwa makusudi. Mwenye fedha angeongeza matoazi au tomu nyingine. Kiwandani walijua tangu mwanzo kwamba mpiga dramu hatosheki.

Mwaka 1983 ukaja MIDI, lugha ya pamoja ya vyombo vya muziki, kazi ya Dave Smith wa Marekani pamoja na yuleyule Kakehashi, ambaye sasa alikuwa mwenye kampuni ya Roland. Kwenye maonyesho ya NAMM ya Januari mwaka huo kinanda cha Sequential kiliunganishwa na cha Roland, makampuni mawili pinzani, vikaelewana. Kwa dramu maana yake ilikuwa kubwa, kwa sababu pedi ilianza kutuma namba: noti ipi imepigwa, na kwa nguvu kiasi gani kati ya 0 na 127. Sauti ikaweza kutoka kwenye chombo chochote chenye tundu la MIDI. Roland walitoa Octapad mwaka 1985, ubao wa pedi nane za mpira usio na sauti yake yenyewe, na Alesis D4 ya 1991 ilikuja na matundu 12 ya pedi, kiasi kwamba kwa miaka mingi mtu aliyeishiwa matundu kwenye moduli yake alitafuta D4 ya mtumba na kuziunganisha mbili kwa waya wa MIDI. Ukoo wa Octapad, hasa SPD, ndio uliofika makanisani na kwenye bendi zetu za Afrika Mashariki, mahali ambapo dramu kamili hazina nafasi au majirani hawazivumilii.

Fungua pedi ya kawaida ya mpira uone yaliyomo. Ukitoa skrubu za chini unakuta kisahani chembamba cha shaba chenye upana wa sentimita tatu hivi, juu yake pamepakwa duara la seramiki nyeupe, nyaya mbili zimeshikizwa kwa tone la lehemu, na sponji inakibana kisahani kisicheze. Basi. Seramiki ile ikitikiswa hutoa umeme kidogo, tabia ambayo ndugu wawili wa Kifaransa, Jacques na Pierre Curie, waliieleza tangu 1880. Ukigonga kwa nguvu umeme unapanda, ukigonga taratibu unashuka, na moduli inapima. Nyaya zinaishia kwenye jeki ya milimita 6.35, ileile ya gitaa. Fundi wa redio anaweza kuitengeneza mezani kwake kwa vifaa vya bei ndogo kuliko nauli ya kwenda kuinunua dukani.

Wajanja waligundua kwamba jeki ya stirio ina njia mbili. Ncha yake hubeba pigo la katikati ya pedi, pete hubeba la ukingo. Ukichukua waya wa Y, wenye stirio upande mmoja na mono mbili upande wa pili, tundu moja linalisha pedi mbili. Ila hapo wengi wamelia. Kuna matundu ambayo upande wa ukingo husubiri swichi, na pedi ya kisahani ikichomekwa huko inakaa bubu, mtu anadhani ameuziwa mbovu. Mwingine anaibana pedi mpya kwenye fremu ileile, anapiga besi, na toazi linaitikia lenyewe kwa sababu mtikisiko umesafiri kwenye bomba. Dawa iko kwenye mipangilio: punguza usikivu wa pedi inayodakia, pandisha kiwango chake cha chini cha kuamka, kisha ongeza kizuizi cha kuingiliana kidogo kidogo. Ukikizidisha, pedi itaanza kumeza mapigo halali.

Mwaka 1997 Roland walileta moduli ya TD-10 na ngozi ya wavu, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Remo, na viganja vikapumua. Tangu hapo wavu umeshuka bei hadi kwenye seti za wanafunzi, sauti zimekuwa za kurekodiwa, na historia imebaki kuwa ya matoleo.

Kuna badiliko moja linalostahili malalamiko. Moduli ya Roland TD-50 ya 2016 ilikuja na matundu matatu ya kidijitali ya USB kwa ajili ya pedi maalumu za snea na matoazi, zenye vihisi vingi vinavyojua hata mahali kijiti kilipotua. Ni kazi safi, haina ubishi. Lakini pedi hizo husema na moduli za ukoo wao tu, hivyo mwenye moduli ya kampuni nyingine, au ya Roland ya zamani, hana pa kuzichomeka, na fundi wa mezani hana cha kulehemu. Matundu ya jeki hayajaondolewa kwenye TD-50, yamepangwa pembeni ya yale ya USB, na pedi ya mpira ya miaka ya 1990 iliyonunuliwa kwa mtumba bado hupiga ukiichomeka humo. Kwenye seti nyingi za bei ya chini, tundu la ziada ni moja au mawili, la toazi la pili na la tomu ya nne. Anayenunua aigeuze moduli nyuma na kuyahesabu kabla ya kuuliza idadi ya sauti.