Zamu ya Baba

Siku ya kliniki ya uzazi wa mpango huku Kyela, benchi lote ni la akina mama. Baba, kama amekuja kabisa, yuko nje chini ya mwembe na baiskeli yake, kama mtu aliyesindikiza mgonjwa. Mwaka jana nami nilikuwa hapo. Mke wangu alikuwa anabadilishiwa njia kwa mara ya tatu, maana sindano ilimtoa damu wiki nzima. Nikamwambia, "Vumilia tu, mama." Tulipokuwa njiani neno lile likanirudia. Avumilie yeye peke yake kwa nini? Hebu, ndugu msomaji, turudi nyuma kidogo.

Wazee wetu hawakulijua jina la uzazi wa mpango, lakini mpango walikuwa nao. Kama ilivyo sehemu nyingi za nchi hii, wenye mtoto anayenyonya walitakiwa kujizuia. Wakishindwa, mtoto akidhoofu, watu husema amebemendwa. Sayansi haikubali sababu hiyo, lakini aibu yake ilimfika baba pia. Godfrey na Monica Wilson, waliochunguza maisha ya Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, walieleza jinsi vijana wa miaka kama kumi walivyotoka kwa baba zao wakajenga kijiji cha rika lao, na jinsi mkamwana alivyomkwepa baba mkwe asionane naye. Uzazi wa wazazi na uzazi wa watoto havikutakiwa kuchanganyika. Yaani bwana, adabu ya mwanamume ilijengwa mpaka kwenye mpangilio wa vijiji!

Tusidanganyane, lakini. Mwenye wake watatu alijizuia kwa mmoja, akaenda kwa mwingine. Wamisheni walipoingia 1891 wakahubiri mke mmoja. Halafu ikaja kazi ya mbali: dhahabu ya Lupa kule Chunya miaka ya 1930, na migodi ya Afrika Kusini kwa njia ya Wenela. Mume akikaa migodini mwaka au zaidi, umbali wenyewe ndio uliopanga uzazi. Na vijiji vya rika navyo vikafifia. Aliporudi, nani wa kumkumbusha?

Baadaye zikaja dawa. Chama kilichokuja kuitwa UMATI kilianzia Dar es Salaam 1959, na mpango wa taifa ukaanza 1989. Vidonge, sindano, kitanzi, vipandikizi: vyote mwilini mwa mama. Baba alibakiziwa kondomu na kufunga kizazi, na hilo la pili watu wanalichanganya na kuhasiwa. Si kweli. Kinachokatwa ni mirija miwili inayopitisha mbegu. Nguvu na hamu hubaki, ila asubiri kama miezi mitatu na kupimwa kabla ya kuiamini. Tangu daktari Li Shunqiang wa China alipobuni njia yake 1974, hata kisu hakihitajiki, ni tundu dogo tu.

Wanasayansi hawakuishia hapo. Gosipoli, dawa itokanayo na mbegu za pamba, ilijaribiwa China tangu miaka ya 1970, na baadaye wanaume wa Kenya walikuwemo katika majaribio ya nchi nne yaliyotangazwa 2000. Ilizuia mbegu, lakini baadhi ya watumiaji hawakupata tena uwezo wa kuzaa, ikaachwa. Sindano ya homoni ilijaribiwa kwa wanaume 320. Ikasimamishwa 2011 kwa sababu ya madhara, yakiwemo chunusi na kubadilika hisia. Nilicheka kwa uchungu. Mke wangu aliambiwa atazoea! Tangu 2018 imejaribiwa jeli ya kupaka mabegani kila siku, Kenya ikiwemo tena.

Mimi sisubiri jeli. Kwetu wanne wanatosha, na wa mwisho ameshaanza shule. Tulikaa na mwenzangu usiku mmoja tukaongea mpaka taa ikazima. Wiki iliyofuata nikaegemeza baiskeli kwenye mwembe, nikaingia ndani. Nesi akaniuliza, "Baba, umemleta nani?"

"Nimejileta," nikamjibu. Wale akina mama wakatazamana, wakacheka, halafu wakasogea nikapata pa kukaa.