Superkapasita: inajaa kwa sekunde, lakini je, itawasha taa ya mvuvi usiku kucha?

Mvuvi wa usipa wa Liuli au Mbamba Bay anayetumia taa ya sola anazijua kero mbili za betri: inachaji kwa saa nyingi, na baada ya miaka michache inachoka. Superkapasita ni kifaa cha kutunza umeme kisicho na kero hizo, ila kina kero yake.

Betri hutunza umeme kwa mabadiliko ya kikemikali. Superkapasita hukusanya chaji juu ya uso wa elektrodi, yaani vipande viwili vya ndani vinavyopokea na kutoa umeme. Ndiyo maana hujaa kwa sekunde au dakika, na huchajiwa mara laki kadhaa kabla ya kuchoka.

Kero yake ni kutunza kidogo. Kilo moja ya superkapasita za kawaida hubeba takriban wati-saa 5 hadi 10. Kilo moja ya betri ya lithiamu hubeba 100 hadi 250. Kwa taa ya wati 5, ya kwanza itawaka saa moja au mbili, ya pili saa 20 au zaidi.

Wanasayansi wanatafuta dawa kwa kuchanganya vitu viwili. Cha kwanza ni oksidi ya metali, yaani metali iliyoungana na oksijeni, kama kutu. Oksidi ya manganizi, ule unga mweusi wa betri za tochi, hutunza chaji nyingi lakini hupitisha umeme kwa shida. Cha pili ni grafini, tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja. Hupitisha umeme vizuri sana, lakini tabaka zake hugandana kama kurasa za daftari lililolowa. Chembe za oksidi zikikaa katikati, tabaka hazigandani, nazo chembe hupata njia ya umeme.

Grafini hutokana na kinywe, madini yanayopatikana hapa nchini, kama Mahenge na Ruangwa. Andre Geim na Konstantin Novoselov waliitenga mwaka 2004 huko Manchester, Uingereza, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2010.

Kwa hiyo msikilizaji, ukiuziwa taa "inayojaa kwa dakika", tafuta namba yenye herufi Wh, ndizo wati-saa. Igawanye kwa wati za taa. Jibu ndilo saa utakazopata ziwani.