Ua Lisiloruhusiwa Kuchanua

Mpishi wa pilau hutia karafuu sufuriani bila kukumbuka kwamba anapika maua. Karafuu ni tumba la ua, linalochumwa kabla halijafumbuka. Kile kichwa kidogo cha duara ni petali zilizokunjamana, na zikishachanua, bei imeshaanguka. Shamba la mikarafuu lililojaa maua ni shamba la mtu aliyechelewa kuchuma.

Mti huu haukuzaliwa Unguja wala Pemba. Asili yake ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo, na kwa karne nyingi wafanyabiashara waliufuata huko Ternate na Tidore. Karne ya 17 kampuni ya biashara ya Waholanzi ikataka mikarafuu iote Ambon na visiwa vya jirani tu. Kwingineko ikakatwa, na sultani wa Ternate akalipwa fedha ili akubali. Miti yenye afya iliangushwa ili bei isishuke! Ukiritimba huo ulivunjwa na wizi: mnamo 1770 miche iliyopatikana kwa siri, kwa juhudi za Mfaransa Pierre Poivre, ilifika Mauritius. Kutoka visiwa vya eneo hilo vilivyokuwa vya Wafaransa, mwanzoni mwa karne ya 19, ikavuka hadi Unguja. Anayetajwa sana kuileta ni Saleh bin Haramil, ambaye mashamba yake baadaye yalitwaliwa na Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar.

Seyyid Said anasimuliwa kuwa aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi. Misitu ikafyekwa, na watumwa kutoka bara wakaletwa kupanda, kupalilia na kuchuma. Sifa ya “visiwa vya marashi ya karafuu” imejengwa juu ya jasho hilo, na si haki kuitaja bila kulitaja.

Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ikanusurika, na tangu hapo ndiyo yenye karafuu nyingi zaidi. Mashamba yalikula misitu huko pia: Ngezi, msitu mkubwa wa asili uliobaki, ni kipande tu cha ule uliokuwapo.

Hata hivyo, mkarafuu ukishasimama una faida ambazo mazao ya msimu hayana. Huanza kuzaa baada ya miaka sita hivi na huweza kuishi miaka mia. Udongo haulimwi upya kila mwaka, na chini ya kivuli chake watu hupanda migomba na mihogo. Kukausha hakuhitaji kuni. Karafuu mbichi huchambuliwa kwa mkono, makonyo huku na tumba kule, kisha huanikwa juani kwenye majamvi kwa siku kadhaa. Mvua ikitishia, nyumba nzima hutoka mbio kuanua. Zikikauka vizuri huwa kahawia na hupoteza karibu theluthi mbili ya uzito, hesabu inayomuuma kila anayengoja mzani.

Kuhusu lishe, tusidanganyane: hakuna anayeshiba karafuu. Lakini kijiko cha chai cha karafuu za kusaga, kama gramu 2, kina zaidi ya nusu ya madini ya manganizi ambayo mtu mzima anahitaji kwa siku. Mafuta ya karafuu yamejaa eugenoli, dawa ya ganzi inayomfanya mwenye jino bovu aziume karafuu kabla ya kumwona daktari. Chembe chache za kwenye pilau hutoa harufu zaidi kuliko lishe.

Katika karne ya 20 mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar alikuwa Indonesia yenyewe, iliyozihitaji kwa kretek, sigara zake za karafuu. Ilipoanza kujitosheleza, soko la Zanzibar likayumba. Shirika la serikali, ZSTC, lililoanzishwa 1968, ndilo lililokuwa mnunuzi pekee, na kila bei yake ilipokuwa chini, mashua za magendo zilivuka usiku kwenda Kenya. Serikali ilipopandisha bei mwaka 2011, wakulima walirudi kupeleka karafuu vituoni. Na makonyo yanayobaki baada ya kuchambua nayo hayatupwi: huko Wawi, karibu na Chake Chake, kiwanda huyakamua kwa mvuke kupata mafuta.